Mbwa niliyepewa kumlea ametoroka, na kila nikimfuata anakimbia

“Assalamu alaykum, daktari. Naishi Jambiani. Watu wanaookoa mbwa waliniomba nimlee kwa muda jike mmoja wa mwaka na nusu hivi, waliyemkuta mjini akiwa kwenye mnyororo. Jina lake Chiku. Siku ya nne, wakati wa Magharibi, mtoto alifungua mlango wa ua, pikipiki ikapiga mshindo barabarani, Chiku akachoropoka. Leo siku ya tano. Nimemwona mara mbili: alfajiri moja dikoni, na jioni moja nyuma ya skuli. Namwita, na akinisikia ndiyo kwanza anakimbilia maweni. Nina mbwa wangu mzee, Simba, walikuwa wakilala pamoja. Majirani wamekasirika, wengine wanasema ana kichaa kwa kuwa hamtambui mtu, na watoto wanamtupia mawe. Mume wangu anataka tuwaite wasasi waje na mbwa wao na nyavu. Jirani mmoja kanishauri nimtilie vidonge vya usingizi kwenye nyama. Bado sijawaambia wenyewe walionipa, naona haya. Je, amenichukia? Na akipatikana, nimrudishe?”

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu, na pole sana.

Kabla ya yote, usiku wa leo usitoke kwenda kumtafuta. Usimwite, usimfuate, na wenzako waombe wafanye vivyo hivyo. Najua ni vigumu kukaa ndani na huku roho iko nje, lakini ukiyasoma tena maelezo yako utaona kwamba Chiku hajapotea. Siku tano zimepita na bado yumo ndani ya kijiji, anazunguka baina ya dikoni, skuli na maweni. Yuko karibu nawe. Kinachomzuia kurudi ni hofu, na hofu hiyo kila siku inaongezwa na watu wanaomfuata, wenye nia njema na wenye nia mbaya kwa pamoja, maana yeye hawezi kuwatofautisha.

Hakukuchukia. Mbwa akishtuka, mwili wake unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli ya miguu na tumbo linaacha kazi yake kwa muda. Hali hiyo ingeshuka yenyewe kama angepata saa kadhaa za utulivu. Lakini akipumzika kidogo anapigwa jiwe, akitulia tena anasikia sauti ya mtu anamjia, na homoni nyingine ya msongo, kotisoli, inabaki juu siku hadi siku. Mbwa aliye katika hali hiyo kila kinachosogea anakiona ni hatari. Nimeshuhudia mbwa waliolelewa nyumba moja tangu udogoni wakimkimbia mwenyewe waliyemzoea, kisha siku wakishatiwa ndani, baada ya muda mfupi wanamlamba mikono kana kwamba hakukutokea kitu. Sembuse Chiku, aliyekaa nawe siku nne, na kabla ya hapo hakujua kwa binadamu ila mnyororo. Jina lenyewe amelijua juzi, na tangu atoke kila akilisikia linafuatwa na kishindo cha miguu. Kwa sasa linamtisha. Liweke kando mpaka awe ndani.

Sasa hilo la kichaa, kwa sababu linaweza kumuua. Mbwa anayemkwepa mtu, anayetoka alfajiri na usiku na kujificha mchana, anayekimbia badala ya kushambulia, huyo anafanya hasa kile anachofanya mbwa mzima aliyeogopa. Mwenye ugonjwa wa kichaa cha mbwa utamwona na mambo mengine: anapepesuka, taya limelegea na mate yanamtoka bila kukoma, sauti imebadilika, anauma chochote hata jiti au jiwe, au amepooza nyuma. Na akishaanza dalili hizo, kwa kawaida hamalizi siku kumi hai. Hata hivyo sitaki ulidharau. Waulize waliokupa alichanjwa lini. Kama ni mara yake ya kwanza na ni chini ya mwezi, usihesabu kwamba kinga imeshakamilika. Kwa hiyo mtu asimkamate kwa mkono, na watoto hasa wasimkaribie. Akimuuma mtu, au hata kumkwaruza kwa meno, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwenu iliyo karibu ni Makunduchi. Pigeni simu kwanza muulize kama chanjo ipo, ili kama haipo mwende moja kwa moja Mnazi Mmoja. Asingojee kuona mbwa atakuwaje.

Shauri la mumeo la kuwaita wasasi nalielewa. Hao wanayajua maweni kuliko mtu yeyote, na angalau yeye anatafuta njia. Lakini kazi ya wasasi na mbwa wao ni kumfurusha mnyama mpaka aingie wavuni, na Chiku atafurushwa kama paa. Ama ataumwa na mbwa wale, ama atahama kabisa huku Jambiani akatokee Kibigija au Muyuni, na hapo ndipo utakapompoteza kweli. Hata watu watakaomkimbiza wataumia; yale mawe ya matumbawe yana makali ya kukata kiatu. Wasasi watumie kwa jambo jengine: waulize. Waulize maji yako wapi huko ndani, pango gani lina kivuli, njia gani wanyama hupita usiku. Nchi ya maweni haina mito, na wakati huu wa kusi mvua ni chache, kwa hiyo kiumbe chochote kinachoishi huko lazima kiwe na mahali kinapokwenda kunywa. Mzee mmoja msasi anaweza kukuambia kwa dakika tano kile ambacho ungekitafuta wiki nzima.

Vidonge vya usingizi usitie, tafadhali. Dawa ya kulaza inayomezwa, kwa mbwa aliyejaa adrenalini, ama haifanyi kazi ama inafanya nusu. Anakuwa amelewa, hajalala, na bado anakimbia. Barabara ya Paje haiko mbali, na visima visivyo na ukingo vipo. Kipimo huwezi kukijua, na huwezi kuhakikisha nani atakula ile nyama, pengine paka wa jirani au mbwa wa mtu. Vidonge vya maumivu tulivyonavyo majumbani, kama paracetamol, ibuprofen na diclofenac, ni sumu kwa mbwa. Ile bunduki ya kudunga sindano kutoka mbali ipo, lakini ni ya mtaalamu, na hata yeye anaiacha iwe ya mwisho, kwa sababu dawa huchukua dakika kadhaa kushika na ndani ya dakika hizo mnyama anakuwa ameshatoweka vichakani.

Kwa hiyo kazi yako kubwa, na wengi hawaitarajii, ni kwa watu. Leo hii waambie waliokupa. Haya ulizonazo nazielewa, lakini wao wameshatorokwa na mbwa kabla yako, wana mtego, pengine wana kamera ya usiku, na wanazijua tabia za Chiku usizozijua wewe. Kisha nenda kwa sheha, wewe na mumeo, mkamweleze: kuna mbwa mmoja, rangi yake hii, ana mkanda shingoni au hana, amechanjwa tarehe fulani, tunamrudisha kwa utaratibu, tunaomba asipigwe na asifukuzwe. Atakayemwona atupigie simu aseme wapi na saa ngapi, basi. Usiahidi zawadi ya pesa kwa atakayemkamata, maana utawapeleka vijana wote wa maskani kumkimbiza. Ahidi kitu kidogo kwa atakayeleta habari.

Kwa watoto, mwalimu mkuu wa skuli ndiye mtu wako. Dakika mbili mbele ya wanafunzi asubuhi zina nguvu kuliko wewe kugombana na mzazi mmoja mmoja.

Na najua kijijini kwetu unaposema mbwa, jambo la najisi linatangulia. Mimi si sheikh, na imamu wa msikiti wenu atalieleza vizuri kunizidi. Lakini tuliyofundishwa chuoni katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba tatizo ni umajimaji: mate, jasho, manyoya yaliyorowa. Kikavu kwa kikavu hakinajisi, na kilichonajisika kina utaratibu wake wa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hakuna katika hayo ruhusa ya kumpiga mawe mnyama aliyekimbia kwa hofu. Hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake cha ngozi kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe, sote tuliisikia tukiwa wadogo. Mwombe imamu aikumbushe. Wapo majirani ambao maneno yangu na yako hayatawagusa, ila hilo litawagusa.

Sasa tuje kwenye namna ya kumrudisha. Chagua mahali pamoja tu pa kumwekea chakula na maji, na ninaona pawe nje kidogo ya mlango wa ua wako, ule aliotokea. Mbwa waliotoroka hurudi usiku kunusa mahali walipotokea, mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hatuwaoni. Bahati yako nyingine ni upepo. Jambiani inatazama mashariki, na kusi linavuma kutoka baharini kuelekea bara, kwa hiyo nyumba yako ikiwa baina ya pwani na maweni, harufu yote ya jiko lako inamfikia alikolala. Itumie. Dagaa wakavu waliorowekwa kwa maji moto, au maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi na bila vitunguu, kwani vitunguu vinamdhuru mbwa. Weka kiasi cha konzi moja au mbili, asishibe akakosa sababu ya kurudi kesho. Weka kila siku saa ile ile, baada ya Isha kijiji kikishatulia, kisha ingia ndani ufunge mlango wa nyumba. Bakuli la maji liwepo saa zote. Karibu yake tandika kanga uliyoilalia bila kuifua, na kile kitambaa alichokuwa akilalia na Simba. Usitawanye nguo na vyakula kijiji kizima kama wengine wanavyoshauri, utamfanya azunguke huku na kule.

Kuzunguka bakuli mwaga mchanga laini wa pwani, uusawazishe kwa ufagio wa chelewa mpaka uwe kama karatasi. Asubuhi utasoma nani alikuja. Unyayo wa mbwa unaonyesha kucha, wa paka hauonyeshi. Kisha mpitishe Simba kando yake, ulinganishe ukubwa. Kama una mtu anayetembea pwani alfajiri, wale kina mama wa mwani kwa mfano, mwombe atazame nyayo kwenye mchanga uliorowa. Maji yakijaa yanafuta kila kitu, kwa hiyo unyayo ulioko chini ya alama ya maji umewekwa baada ya maji kuanza kutoka, na ukijua maji yalijaa saa ngapi usiku ule, umeshajua Chiku alipita baada ya saa hiyo. Saa ya maji inasogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hesabu ambayo wavuvi wanayo kichwani. Kwa njia hii, bila kumfukuza hata hatua moja, baada ya siku mbili tatu utakuwa unajua anatoka wapi, anakwenda wapi na saa ngapi. Kule kuonekana dikoni alfajiri kunaniambia anafuata mabaki ya samaki. Waombe wavuvi wasimtupie kitu pale kwa muda, ili chakula cha uhakika kiwe kwako tu.

Ukishaona ameanza kula kwako usiku mfululizo, hapo ndipo unaweza kuonekana. Kaa chini kwenye mkeka, mbali, ubavu umelekea upande wake, wala usimtumbulie macho. Kwa mbwa kukodolewa macho ni kutishwa. Simba awe kando yako amefungwa. Huyo mzee wako ni hazina kuliko mtego wowote, kwa sababu Chiku anamwamini, naye hana haraka. Akitokea, usimnyooshee mkono. Mrushie kipande kidogo cha ini, kiangukie nyuma yake, apate kula na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Inaonekana kinyume cha akili, lakini mbwa anayejua kwamba njia ya kuondoka iko wazi husogea mapema zaidi. Akipiga miayo au akijilamba pua na huku hakuna chakula, ana wasiwasi. Ongeza umbali siku hiyo.

Kisha bakuli lianze kuhama, hatua moja au mbili kila usiku, mpaka liingie ndani ya ua na kufika pembe ya mbali kabisa na mlango. Kabla ya hapo ukague ua wako. Kama ni wa makuti, ingia ndani mchana wa jua kali, utaona kila tundu kwa mwanga unaopenya. Chini kwenye mchanga panga mawe, kwani mbwa mwenye hofu anachimba haraka. Mlango ufungue wazi kabisa na uufunge kwa kamba usipigwe na kusi. Mlango ukibamiza mara moja tu, umerudi siku ya kwanza. Mwache aingie, ale, atoke, usiku mbili au tatu bila kufanya lolote.

Siku utakayofunga, tumia mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene. Ufunge kwenye mlango, uupitishe kwenye nguzo, uulete hadi dirisha la jikoni. Kamba ya mlango ifunguliwe, mlango uegemezwe kwa kijiwe kidogo ambacho ukivuta kitatoka. Jaribu mchana mara nyingi, mpaka uwe na hakika kwamba mlango unajifunga mpaka mwisho na komeo linashika, kwa sababu akikuponyoka safari hii, kumshawishi tena ni kazi ya wiki. Ngoja ateremshe kichwa, ale matonge machache ya mwanzo, ndipo uvute, kwa mvuto mmoja usiositasita. Baada ya hapo usitoke mbio na furaha. Mwache azunguke ua, atazame kila pembe. Simba awe mle ndani. Baadaye fungua mlango wa chumba chenye maji na kile kitambaa chake, na umwache aingie mwenyewe.

Kama ua wako haufungiki, basi ni mtego wa kizimba, na huo waje wauweke wale waliokupa. Uwe mrefu kiasi cha mlango kutomgonga mkia, sakafu ya waya ifunikwe kwa mchanga au boksi, na mlango wake ukae wazi, umefungwa kwa kamba usijifunge, usiku kadhaa kabla ya kutegwa. Ukishategwa lazima awepo mtu anayeutazama kutoka mbali muda wote. Jua la kwetu likimkuta mnyama ndani ya chuma, linaweza kumuua kwa muda mfupi.

Yapo mambo ambayo usiyangojee haya yote. Ukimwona anachechemea sana, ana kidonda kilichofungua, au amelala mahali pa wazi mchana na hainuki akikaribiwa, piga simu kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Akianza kuua kuku au kusumbua mbuzi wa watu, mhusishe sheha na afisa mifugo wa wilaya na ulipe fidia mapema, kabla hasira haijaota mizizi. Na ukisikia mtu yeyote ametaja sumu, hata kwa mzaha, toa taarifa kwa sheha siku hiyo na uwaombe waliokupa waje na mtego usiku huo huo. Sumu haichagui mbwa, na watoto wanacheza huko huko.

Akishapatikana, siku ya kwanza mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, maji mengi, na daktari amtazame nyayo, kupe na upungufu wa maji mwilini.

Umeuliza umrudishe? Kwa maoni yangu, ikiwa utarekebisha mambo mawili, ubaki naye. Kumhamishia nyumba ya tatu ndani ya mwezi mmoja ni kumwanzishia hofu upya, na kwako tayari ana Simba. La kwanza ni mlango: weka wa pili, hata kama ni fremu ya mbao na wavu, ili mtoto akifungua wa nje wa ndani uwe umefungwa. La pili ni kamba. Kwa wiki za mwanzo asitoke bila mkanda wa kifuani na mkanda wa shingoni kwa pamoja, kila mmoja na kamba yake, maana mbwa akirudi nyuma kwa nguvu mkanda wa shingo pekee humvuka kichwani. Ukiona huwezi kuyafanya hayo mawili kwa sasa, waambie waliokupa waziwazi wamtafutie nyumba yenye ukuta wa mawe, na Simba aende naye siku mbili tatu za kwanza kama mwenye nyumba ataridhia.